Kitambaa Hakikutosha

Siku ile ya Ijumaa Fundi alifanya kosa ambalo fundi mbovu asingeliweza. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba kwa miaka ishirini na mbili, na sifa yake mtaani ilikuwa moja tu: akiziba kiraka ukutani, hata mwenye nyumba hakioni tena. Mafundi wa bei rahisi walikuwepo tele, lakini mtu mwenye doa sebuleni na wageni njiani alimwita yeye.

Sasa doa lilikuwa sebuleni kwake mwenyewe. Halikuwa ukutani, lilikuwa kwenye picha ya mkewe. Picha hiyo ilikuwa ya ubao wa plaiwudi, mrefu kama kitanda na mpana kama mlango, uliokula ukuta wote mpaka kabati la vyombo likahamishiwa chumbani. Miezi minane mkewe alikuwa akiupaka kila akirudi kutoka kwa dobi, alikopiga pasi nguo za watu kutwa nzima. Alitumia mabaki ya rangi yaliyobaki kwenye makopo ya mumewe. Hakuchora mtu, wala mti, wala mlima. Alipaka mabaka matano makubwa ya buluu yaliyosimama bega kwa bega, moja limekolea, jingine limechuja, jingine limepauka kwa juu tu. Na kule chini, pembeni kulia, palikuwa na baka dogo la rangi ya machungwa iliyofifia, lenye ukubwa wa sahani.

Kwa jicho la Fundi, lile lilikuwa unyevu. Maji yakipenya msingi wa nyumba hutokea hivyohivyo, chini pembeni, na rangi hiyohiyo ya kutu. Au labda kopo lilidondosha na mkewe akaona haya kusema. Vyovyote iwavyo, kesho yake saa nane mchana gari la ukumbi wa maonyesho lingekuja kuichukua picha, na Fundi hakutaka mke wake apeleke mbele za watu kitu chenye doa.

Tena alikuwa na deni la moyoni. Wiki mbili nyuma, msimamizi wa ukumbi, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuja kuitazama picha. Akaingia, akaona mikono ya Fundi yenye rangi hadi kwenye kucha, akaishika yote miwili. "Hongera sana, mchoraji. Hongera mno." Fundi alipokea hongera ya kwanza, akapokea na ya pili, na kusema kweli ya tatu ilikuwa inamkolea ndipo akasema, "Si mimi, ni mke wangu." Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la glasi za maji, aproni ya kazini bado kiunoni. Msimamizi aliomba radhi mpaka jasho likamtoka. Mkewe akacheka, akasema amezoea. Neno hilo, amezoea, lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Basi Ijumaa hiyo mkewe alipokwenda kazini, Fundi akachukua msasa. Alilisugua baka polepole mpaka likalainika, akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akachanganya buluu tatu hadi akaipata ile ya baka la jirani. Akapiga mkono wa kwanza wa rangi, akangoja ukauke, akapiga wa pili. Fundi mbovu angeruka msasa, na lile la zamani lingechungulia. Yeye hakuruka kitu. Alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akapiga mluzi. "Hakuna jicho litakaloliona," alijisemea, na ilikuwa kweli.

Binti yao alirudi kutoka shule saa kumi. Alikuwa na miaka kumi na sita na tabia ya kutupa begi mlangoni kama anayetua mzigo wa kuni. Alipofika sebuleni akasimama.

"Baba."

"Naam."

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko kazini? Leo wana mashuka ya hoteli, atachelewa kidogo."

"Simsemi huyo. Namsema wa hapa." Akanyoosha kidole chini kulia mwa picha.

"We! Usiguse, bado mbichi!"

"Baba, hapa alikuwepo mama. Umemfuta?"

Fundi alianza kucheka, kisha akaona mwanawe hacheki. Binti akamwonyesha kwa kidole mbali na ubao, bila kugusa, kama mwalimu mwenye darasa la mtu mmoja. Huyu aliyepauka juu ni mjomba mkubwa, alikuwa hakai kivulini, jua lilimla mabega. Huyu aliyekolea ni mama mdogo, alikuwa akitunza nguo hata hajui matope. Huyu mwenye michirizi ni yule mjomba mpigana ngumi, shati lake lilishonwa na kushonwa. Wote watoto wa Mama Mkubwa, aliyemlea mama baada ya bibi kufariki. "Na huyu wa machungwa," binti akasema, "alikuwa mama."

"Wewe umejuaje yote hayo?"

"Nilimuuliza."

"Lini?"

"Siku ya kwanza alipoanza."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini kuna watu wanaoulizia mengine yote. Kwa miezi minane Fundi alikuwa ameuliza kabati litarudi lini, nani ameacha makopo bila vifuniko, na kama ile brashi ya inchi mbili imeonekana. Picha ni ya nini, hilo hakuuliza. Alikuwa akiisifu kwa majirani, akigombana na yule muuza mkaa aliyesema haina kichwa wala miguu, akijipiga kifua kuwa mkewe ataonyeshwa ukumbini. Alikuwa akijivunia kitu asichokijua. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, uso umemshuka.

Mkewe aliingia saa kumi na mbili kasoro, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu anayepiga pasi mashati mia kwa siku huona kifungo kilichokosekana kabla shati halijafika mezani.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi," Fundi akasema. "Mama watoto, nisikilize. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Unyevu."

"Unyevu." Alilitamka kama anayepima chumvi ulimini. Akasogea, akainama, akapitisha kiganja hewani karibu na ubao. "Umepiga msasa?"

"Nimepiga."

"Mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi sipo," akasema. Hakupaza sauti. Fundi angeshukuru kama angepaza.

Binti aliyekuwa mlangoni akajifanya anatafuta daftari. Fundi akasimama haraka, akaanza kupanga makopo sakafuni. Atairudisha, alisema, ataichanganya sasa hivi, yeye rangi akiiona mara moja haimtoki kichwani, awashiwe tu taa.

"Rangi haichanganywi kwa taa," mkewe alisema. "Nani alinifundisha hilo?"

"Mimi."

"Basi acha. Kesho gari likija utawaambia warudi walikotoka. Siwezi kwenda kuonyesha watu familia yangu nami simo. Nilishakaa humo nikiwa simo, inatosha."

"Nipe mpaka saa nane, mke wangu. Mpaka saa nane tu."

"Hujui hata unachokitafuta," alisema, akaenda kulowesha miguu yake katika beseni. Wakala wote watatu. Binti peke yake ndiye aliyesema kitu, kwamba wali umeungua kidogo.

Jumamosi, saa moja asubuhi, jua lilipopiga uani vizuri, Fundi alikuwa ameshachuchumaa na makopo saba. Alikuwa ameuokota ule msasa wa jana kutoka kwenye taka. Kwenye mikwaruzo yake palikuwa na vumbi la machungwa, kidogo tu, kama poda ya usoni, na kwa fundi kama yeye hiyo ilikuwa barua nzima. Akatia manjano, akatia nyekundu kwa ncha ya kijiti, akatia nyeupe, akasogeza msasa karibu, akatikisa kichwa, akatia kijivu. Alipotia kijivu ikaja yenyewe. Aliipaka kwa kidole kwenye kipande cha ubao, akauweka msasa juu yake, na vumbi likapotea ndani ya rangi. Moyo ukamrudi mahali pake.

"Mama watoto! Njoo uone!"

Mkewe alitoka amejifunga kanga kifuani, akasimama kwenye jua. Aliinama juu ya kipande kile.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Si nilikwambia!"

"Ndiyo yenyewe niliyoipaka. Lakini sivyo ilivyokuwa." Akavuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza Fundi akafanya alichopaswa kufanya miezi minane iliyopita. Aliweka kijiti chini, akauliza.

"Ilikuwaje?"

Mkewe akamweleza. Mama Mkubwa alikuwa mshonaji, na kila mwanzo wa mwaka alinunua jora moja la kitambaa cha buluu, akawashonea watoto wote. Alianza na mkubwa, akashuka. Alipofika kwa yule wa sita, mtoto wa mdogo wake marehemu, alishika mkasi, akalipima jora kwa mkono, akasema, "Kitambaa hakikutosha, mwanangu." Kisha akafungua kikapu cha mabaki akatoa kipande cha mapazia ya mteja fulani. Cha machungwa. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne.

"Tukitoka wote sita kwenda mahali," alisema, "watu walikuwa hawana haja ya kuuliza. Walihesabu buluu, wakasema hawa ndio wake, na yule pale ni wa kuokota. Sikuwa na mahali pa kujificha. Machungwa yenyewe yalikuwa ya kupiga kelele, ukinitazama unakunja uso. Nilikuwa natembea nimejibana ukutani ili watu wauone ukuta kwanza."

"Alikuwa anakupiga? Anakunyima?"

"Hata siku moja. Nilikula sawa nao, nilisoma sawa nao. Alinifundisha kushona, alinifundisha kupiga pasi, mkate ninaokula leo ni wa mikono yake. Ndiyo maana nilipofika kwenye baka langu nilisita. Niliwaza, Mama Mkubwa atakuja siku ya ufunguzi, ataona, ataumia. Nikatia kijivu. Nikalifanya dogo, nikalipeleka chini kule pembeni. Niliipoza rangi, baba watoto. Halafu wewe ukaja ukamalizia."

Kosa la Fundi halikupungua, lakini aliona sasa kwamba kumbe jana hakuwa peke yake kwenye kazi ile.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Nishikie kopo."

Akachanganya mwenyewe. Alichukua manjano ya uzio wa shule na nyekundu ya mlango wa bucha, akazikoroga mpaka zikawa kitu ambacho Fundi, kwa miaka ishirini na mbili, hakuwahi kumuuzia mteja mwenye akili timamu.

"Bila kijivu hata kidogo?"

"Hata tone."

"Itapiga kelele."

"Ipige."

Waliingia ndani. Mkewe hakurudi kule chini. Alisimama katikati ya ubao, kati ya mjomba aliyepauka na mama mdogo aliyekolea, akaweka brashi kifuani mwa picha na kuivuta chini mpaka magotini. Buluu mbili za jirani zikasogea, au zilionekana kusogea. Binti alikuja na mswaki mdomoni, akasahau kuusogeza. Fundi alisimama na kopo mkono mmoja na kitambaa kibichi mkono wa pili, na kila ukingo ulipochomoza vidole vyake vilimwasha.

"Kingo hizo nikulainishie kidogo?"

"Thubutu!"

Wakacheka wote watatu, kicheko cha kwanza tangu jana. Alipomaliza, jasho likimtiririka shingoni, alirudi nyuma mpaka akagota mlango. Alisimama wima, miguu yake mibovu imesahaulika, na Fundi akamwona mke wake kama alivyokuwa hajamwona: hakuwa anangoja mtu amwambie ni nzuri. Saa nane wabebaji walipokuja, Fundi ndiye aliyewapigia kelele mlangoni, "Shikeni pembeni, jamani, pembeni! Mwenye picha yuko katikati!"

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Kulikuwa na picha za watu kumi na mbili, lakini mtu akiingia mlangoni macho yalikimbilia ukuta wa mwisho bila kuuliza ruhusa. Fundi alikuwa amevaa koti lake la harusi lililomkaba kwapani. Alisimama karibu na picha, si karibu mno. Mtu akimsogelea na mkono wa hongera, alimgeuza kwa bega taratibu na kumwonyesha mkewe. "Yule pale. Yule mwenye gauni jeusi." Alifanya hivyo mara tisa. Alihesabu.

Bwana mmoja mwenye tai alisimama, akakunja uso, akamnong'oneza Fundi, "Buluu nimeielewa. Hiki kiraka cha katikati ndicho kimeharibu. Hakiendani na wenzake."

"Hakiendani," Fundi akakubali. "Kaa nacho kidogo, mzee. Mimi kilinichukua miezi minane."

Kisha Mama Mkubwa akaingia. Alikuja kwa fimbo, amemshika binti bega, amevaa nguo aliyoishona mwenyewe yenye pindo lililonyooka kuliko la mtu yeyote mle ndani. Mke wa Fundi alimwona tangu mlangoni. Alikwenda, akapiga goti, akamwamkia, akamleta polepole mbele ya ubao. Fundi alilivuta lile koti lake. Kama bikizee angeumia, mbele za watu wote hawa, nani angebeba lawama? Alitamani awe na ndoo ya buluu karibu, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Mama Mkubwa alitazama. Hakuhitaji maelezo ya msimamizi, aliyekuwa ameanza kusema habari za rangi za joto na za baridi. Macho yake yalipita kwenye buluu moja moja, na mdomo wake ukacheza kidogo kwenye kila moja, kama mtu anayeita majina kimoyomoyo. Yakafika katikati, yakakaa.

"Kitambaa kilitosha," alisema.

Msimamizi akarudi hatua moja nyuma.

"Najua, Mama Mkubwa," mke wa Fundi akajibu.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa nne, uliponifundisha kupima. Ulisema hakijatosha, wiki ile ile ukashona foronya. Niliyolalia mimi ilikuwa ya buluu."

Bikizee aliishika fimbo kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, na Fundi alijua kwamba sasa zinakuja sababu, maana umri ule hauna upungufu wa sababu: maneno ya mume, maneno ya mawifi, dunia ilivyokuwa. Hazikuja. Mdomo ukafungwa, ukafunguka tena.

"Mbona hukuniambia, mwanangu? Miaka yote hiyo. Mbona hukusema?"

Mke wa Fundi hakuinamisha kichwa. Aliinua mkono wake, ule wenye kovu la pasi kwenye kifundo, akauelekeza ukutani.

"Nimesema."

Machozi yalimtoka Mama Mkubwa, naye hakuyafuta. Aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa, akaikagua rangi ile kutoka juu mpaka chini, na ukingo wake mmoja, na ukingo wa pili, kama alivyokagua mishono ya watu maisha yake yote.

"Hukuipunguza hata kidogo," alisema.

"Nilijaribu. Ikanishinda."

"Afadhali ilikushinda, mwanangu," bikizee akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Fundi alikitambua, kwa sababu kilikuwa kimemjaa na yeye kifuani wiki nzima. Ilikuwa fahari, tena ya mtu asiyestahili na anayejua hivyo. "Nileteeni kiti."

Fundi alikimbia. Mama Mkubwa alikataa kiwekwe pembeni, akaelekeza kwa fimbo, hapa, mbele, katikati kabisa. Akakaa, akanyoosha gauni magotini, akaikabili rangi ile uso kwa uso. Foleni ya watu ikaanza kusongamana nyuma yake. Msimamizi akainama sikioni mwake kwa heshima zote.

"Bibi, samahani sana. Ukikaa hapo watu hawataweza kupita."

"Wazunguke," alisema Mama Mkubwa, bila kuondoa macho. "Mimi nilichelewa kumwona."

Na watu wakazunguka.